Bomba Lililojificha Kwenye Kitufe cha 6

Kibodi zetu za Uvira, Kongo, zilikuwa za Kifaransa. A imekaa mahali pa Q, M imefukuzwa pembeni, na namba hazitoki mpaka ushike Shift. Alama moja, mstari mdogo uliosimama wima kama ufito wa uzio, haionekani kabisa kwa mtu asiyeelekezwa. Imechapwa kwa udogo kwenye kona ya kitufe cha 6, na haiji mpaka kidole gumba cha kulia kikandamize AltGr. Wiki nzima ya kwanza niliikosa. Nilikuwa naweka herufi l ndogo badala yake, mara nyingine I kubwa, nikidhani mashine haitaona tofauti. Iliona kila mara.

"Tafuta bomba, mudogo wangu," yaya aliniambia. "Bila bomba hauko unafanya kitu hapa."

Huyo yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, hakuwa wa tumbo moja nami. Alikuwa jirani aliyenitangulia kwa miaka sita au saba, akasoma Bujumbura, akarudi mtaani kwetu Kimanga na mashine nzito ambayo feni yake ililia kama nyuki waliochokozwa, pamoja na bahasha ya CD za Ubuntu. Siku hizo kampuni ya Mark Shuttleworth, yule Mwafrika Kusini, ilituma CD hizo popote duniani bila kumdai mtu hata stempu. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na utumaji ukasitishwa 2011. Sanduku la posta lilikuwa la rafiki yake wa Bujumbura. CD zikavuka mpaka wa Kavimvira ndani ya kikapu, chini ya sabuni. Jina la Ubuntu lilituchekesha. Upande ule wa mto Ruzizi, Mrundi akikuambia kitu ni ku buntu, anakuambia ni bure. Wenzetu wa mbali waliandikiwa makala ndefu za kuelezwa falsafa ya neno lile. Sisi tuliona tu programu ya bure inayojitangaza yenyewe kuwa ni ya bure.

Kazi niliyokuwa nimepata 2010 ilikuwa ya ukarani katika chama kidogo cha mtaani. Jina lake naliacha, maana nitakayoyasema mbele ni makosa yangu, si yake. Tulikuwa na walinzi wa robine za umma, zile ambazo kina mama hupanga mabidoni ya njano tangu alfajiri. Kila mlinzi alipewa daftari la shule, aandike tarehe, avenyu, kartye (yaani mtaa), saa maji yalipofunguka, saa yalipokatika na mabidoni mangapi yamejaa. Madaftari yalifika ofisini kila mwisho wa mwezi, mengine yakinuka ndagala, mengine yana namba za simu za watu na hesabu za deni la unga kwenye jalada la nyuma. Nami nilitakiwa niyaingize kwenye kompyuta.

Mwanzo niliyaweka kwenye Excel kama kila mtu. Faili lilivyonenepa, kulifungua kulichukua muda wa kuchemsha chai, na umeme Uvira haukusubiri chai ichemke. Betri yangu ilidumu dakika 40 hivi. Kwa hiyo robo ya kila betri ilikwisha kwa kufungua faili tu. Yaya akaja jioni moja, akatazama nikihangaika, akaniambia nihifadhi faili kama maandishi matupu. Kila mstari rekodi moja, vipengele vikitenganishwa kwa nukta-mkato. Nukta-mkato, si mkato, kwa sababu mashine zilizowekwa kwa Kifaransa zinautumia mkato kwenye desimali, na ukichanganya hivyo viwili utalia. Halafu akafungua dirisha jeusi, akaandika hivi, taratibu ili nione:

cut -d';' -f3 robine.csv | sort | uniq -c | sort -rn

Nitaifasiri kama alivyonifasiria, huku akichezesha vidole kana kwamba anapanga watu. Wa kwanza anakata kila mstari penye nukta-mkato na kubaki na kipande cha tatu, yaani jina la kartye. Wa pili anawasimamisha wote kwenye foleni kwa mpangilio wa alfabeti. Wa tatu anawahesabu wanaofanana. Lakini huyo wa tatu ni mvivu: anamlinganisha mtu na jirani yake tu, hageuki nyuma, ndiyo maana lazima foleni ipangwe kwanza. Wa mwisho anaweka kundi kubwa mbele. Na kati ya mmoja na mwenzake kuna bomba: kinachomtoka huyu kinamwingia yule, bila kutua popote.

Akabonyeza. Kufumba na kufumbua, orodha ilikuwa mbele yetu. Faili lililokuwa linaipigisha magoti Excel lilipita kwenye mabomba matatu kabla sijateremsha mkono kutoka shavuni.

Tukacheka tulipoisoma. Mulongwe ilikuwepo, na Mulongue. Kasenga, KASENGA, na Kasenga nyingine iliyoachiwa nafasi tupu mwishoni isiyoonekana kwa jicho. Rombe I na Rombe 1. Kavimvira ilikuwepo, na Kavimvila pia, kwa sababu ulimi wa watu wetu hauzitenganishi sana r na l, na mlinzi huandika anavyosikia. Mashine iliona kartye nyingi kuliko mji wenyewe ulizo nazo. Yaya akanionyesha kwamba naweza kuandika Kavimvi[rl]a, mabano yale yakiwa na maana ya "r au l, vyovyote vile", na grep, amri ya kutafuta maneno, ikaniletea wote wawili kwa mpigo. Nilihisi kama mtu aliyefundishwa kupiga mluzi wa kuita mbuzi wote wa kijiji.

Tangu jioni ile sikulala sawasawa. Nilijifunza sed ya kubadilisha maneno, awk ya kupindua tarehe. Tarehe zilinisumbua, maana sisi tunaanza na siku kisha mwezi kisha mwaka, na ukimwambia sort apange hivyo, atakuletea tarehe 1 Desemba kabla ya tarehe 2 Januari na ataona amefanya kazi njema. Lazima uzigeuze, mwaka utangulie. Nilijifunza pia kwa nini neno la Kifaransa lenye alama za lafudhi lilitoka upande mwingine limeota madoa kama mahindi yenye ukungu: faili limeandikwa kwa utaratibu mmoja wa herufi na linasomwa kwa mwingine. Iconv inatibu hilo. Haya yote niliyapata kwa mdomo wa yaya na kwa kurasa za maelekezo zinazokuja na mfumo wenyewe, ukiandika man na jina la amri. Intaneti ilikuwa kwenye sibe, na saa moja ya sibe ilikuwa bei ya samaki.

Baadaye nilisoma asili yake. Unix ilizaliwa 1969 kwenye maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, lakini riziki yake ya kwanza iliipata kwa ukarani: mnamo 1971 idara ya hataza ya maabara zile ndiyo iliyoitumia kuandalia maandishi yake. Bomba lilichelewa. Doug McIlroy alikuwa ameandika tangu 1964 kwamba programu zingefaa kuunganishwa kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, unakaza kimoja kwenye kingine. Alirudia maneno hayo kwa miaka mpaka 1973, Thompson alipoyatimiza usiku mmoja. Grep nayo ni ya Thompson, kipande alichokitoa ndani ya kihariri kilichoitwa ed. Awk ni herufi za majina ya watu watatu, Aho, Weinberger na Kernighan, ya 1977. Kwa maneno mengine, zana nilizozistaajabia Kimanga zilikuwa na umri wa kunizaa.

Mpira wa bustani! Niliposoma mfano huo niliinua macho. Sebuleni kwetu kulikuwa na bidoni tatu, mbili tupu. Robine ya avenyu yetu ilikuwa na siku nne haijatema tone. Umeme ukikatika pampu zinasimama, pampu zikisimama mabomba yanakauka, na mabomba yakikauka Uvira haikai na kiu, inateremka ziwani. Tanganyika liko pale pale, mita mia chache, lina kina cha karibu mita 1,470, maji yasiyokwisha. Au watu wanakwenda Mulongwe, au Kalimabenge, mito inayoshuka kutoka milimani ikiwa imebeba kila kitu kilicho juu yake. Kisha kituo cha kipindupindu, kolera kama tunavyosema sisi, kinajaa.

Jambo hilo kila mama mwenye bidoni alilijua. Lakini 2015 lilipata namba. Aurélie Jeandron na wenzake wa chuo cha tiba cha London walichapisha utafiti uliochukua miaka sita ya Uvira, 2009 hadi 2014: upande mmoja kiasi cha maji ambacho REGIDESO, shirika la maji, ilikitoa kila siku, upande wa pili idadi ya wagonjwa walioingia kituo cha kipindupindu cha hospitali kuu. Wakaunganisha tarehe kwa tarehe. Ikaonekana kwamba baada ya siku isiyo na maji kabisa, wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo huongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yametoka vizuri. Na kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile wanaweza kuhesabiwa kwenye upungufu wa maji ya bomba. Niliusoma usiku, nikauma kidole. Safu mbili, moja ya tarehe na maji, moja ya tarehe na wagonjwa. Orodha za aina ile tulikuwa tunazishika kila siku.

Kuna wenzangu wanaonuna wakiuona utafiti wa namna hiyo. Wanasema tumeambiwa na London tulichokijua Kasenga. Ni kweli kwamba desturi hiyo ya kutowaamini wenyeji ni ya zamani kwenye pwani yetu: wasafiri Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858 wakiuliza kama Ruzizi unatoka ziwani au unaingia, wenyeji wakawaambia unaingia, na bado 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi kujionea wenyewe. Lakini mimi sinuni. Mama mwenye bidoni akisema "maji yakikatika watoto wanaugua", mwenye fedha anaitikia kwa kichwa na kuagiza soda. Mwenye fedha akiambiwa asilimia 155, anaandika mahali. Kinachoniuma mimi ni kingine.

Kabla sijakifikia, nisimulie siku niliyomwaga maji yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeingiza miezi mitatu ya madaftari bila kuhifadhi nakala, kijana mwenye haraka. Nilitaka faili lipangwe kwa mpangilio, likae limepangwa, basi. Nikaandika sort robine.csv, kisha alama ya mshale wa kuelekeza, kisha robine.csv tena. Kwa akili ya kawaida ni sawa: chukua faili, lipange, lirudishe mahali pake. Lakini kabla sort hajaamka, mfumo wenyewe umeshautazama ule mshale na kulifuta faili, ili liwe tayari kupokea. Sort anapofika anakuta chombo kitupu. Anapanga utupu ule kwa uaminifu, anaurudisha. Faili likabaki na baiti sifuri. Hakuna onyo, hakuna "je, una hakika?" Kitone cha kusubiria amri kikaendelea kuwakawaka kana kwamba hakuna mtu aliyekufa.

Kesho yake nilimwambia mkubwa wa ofisi kwamba umeme umekatika ghafla ukala faili. Uvira uongo huo haukosi wa kuuamini. Madaftari yalikuwepo, nikayaingiza upya kwa siku tisa, usiku na mchana, mgongo ukaniuma kama mpagazi wa bandari ya Kalundu. Na hapo ndipo nilipoletewa msaidizi.

Alikuwa dada mdogo aliyetoka kumaliza shule, mwepesi wa macho. Yeye alinisomea madaftari kwa sauti, mimi nikachapa. Alikuwa anajua kusoma mwandiko wowote, hata wa mlinzi mmoja wa Kalundu ambaye saba zake na moja zake zilikuwa pacha. Tulipomaliza mwezi, mimi nilifungua dirisha jeusi, nikamimina amri zangu, na jedwali likatoka. Ofisi nzima iliniita mchawi. Mkubwa alikuwa akiwaleta wageni waje waone mchawi akifanya kazi. Nami, naandika hili bila kujitetea, nililipenda jina lile.

"Yaya," dada yule aliniuliza siku moja, "huo ufito unaubonyezaka wapi? Mimi naitafutaka, siioni."

Nilikuwa na jibu la maneno mawili. AltGr, sita. Yaya wa Kimanga alinipa mimi jibu hilo bila kunitoza hata chai, ku buntu kabisa.

"Iko nguvu hiyo," nilimjibu. Kwetu ukisema kitu kiko nguvu una maana kwamba ni kigumu. "Unapaswa kwanza usome hesabu za juu. Kazana na kusoma madaftari."

Hesabu za juu! Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanguka hisabati darasa la sita sekondari. Lakini nilikuwa nimefanya hesabu nyingine: kama watu wawili wanajua, mchawi hayupo. Tangu siku ile nilipoandika amri niliisogeza mashine kidogo upande wa dirisha. Baadaye nikaziweka zote katika faili moja nililoliita safisha.sh, ili nisiziandike tena mbele ya mtu. Niliendesha safisha.sh, jedwali likatoka, nikaliweka kwenye flashi, nikampelekea mkubwa. Mwaka 2012 jedwali likaingia kwenye ripoti yenye picha ya robine kwenye jalada. Ripoti ilipanga kartye kwa siku zilizokauka, ili wenye fedha wajue waanzie wapi kutengeneza.

Mwaka uliofuata nilipata kazi Bukavu nikaondoka. Niliacha safisha.sh kwenye mashine ya ofisi bila mstari mmoja wa maelezo. Nilivyosikia, hawakujua hata kuifungua. Waliendelea na madaftari miezi michache, yakarundikana, halafu mlinzi mmoja mmoja akaacha kuandika, kwa kuwa hakuna aliyemrudishia jibu. Chama kikafa kifo cha kawaida cha vyama. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilipiga milimani, Mulongwe ukafurika, watu makumi wakafa na maelfu ya nyumba zikabomolewa au kujaa matope. Sanduku la madaftari yetu lilikuwa stoo ya mtu mmoja pale chini. Mashine ya ofisi ilikuwa humo humo. Mashine haikuwaka tena. Madaftari yalianikwa juu ya mabati ukurasa kwa ukurasa, wino wa biki haukufutika, lakini karatasi zilishikana, na mwishowe nadhani zilifungiwa karanga.

Siku hizi kazi ile inafanywa kwa simu na tableti. Kijana anasimama kwenye robine, anagusa, anachagua kartye kutoka orodha iliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo Kavimvila haipo tena duniani, na nakiri hilo ni jema. Mtandao ukipatikana, rekodi inapanda. Wizara ya afya ina mfumo wake wa DHIS2 nchi nzima, mashirika yana KoBo, na ukiingia unakuta ramani na vipande vya duara vyenye rangi. Sina ugomvi navyo. Ila nimekaa na wahudumu wa afya wawili watatu nikawauliza: ukitaka kujua jambo ambalo aliyetengeneza mfumo hakuliwekea kitufe, unafanyaje? Wakanitazama. Wanaandika barua pepe, wakasema. Kwa nani? Kwa Bukavu, au Kinshasa, au kwa yule mshauri. Na akijibu? Kicheko. Sisi tulikuwa na betri ya dakika 40 na swali lolote tulilotaka. Nasema sisi, lakini nilikuwa mimi peke yangu, na hapo ndipo penye aibu yangu.

Mwaka 2022 nilipata ujumbe kwa WhatsApp. Alikuwa yule dada. Sasa ni muuguzi, ana watoto wawili, yuko kituo kimoja cha afya cha Uvira. "Yaya, ungali na lile faili la robine?" Ziwa lilikuwa limepanda, maji yamekula avenyu za ukingoni, na walikuwa wanataka kujua zamani robine za umma zilikuwa wapi.

Nilikuwa nalo. Flashi ya zamani iliyopasuka kifuniko, nimeihamisha nyumba tatu. Jedwali la mkubwa, lile lililohifadhiwa kwa programu ya kulipia, lilikataa kufunguka mahali popote. Robine.csv lilifunguka kama barua iliyoandikwa jana, kila nukta-mkato mahali pake. Nikamtumia. Pamoja nalo nikamtumia safisha.sh, nikiwa na nia ya kumpigia baadaye nimweleze, hatimaye, namna ya kuitumia. Nilishapanga hata maneno.

Sikuhitajika. Kesho yake asubuhi alinitumia picha ya simu yake. Dirisha jeusi. Kumbe kuna programu inaitwa Termux inayoweka terminali ndani ya simu ya Android, na grep, sort na awk wote wamo. Alijifunza lini, nikamuuliza. Zamani, yaya. Kwa nani? Kwa kijana mmoja wa kituo, na kwa video. Anawafundisha wenzake Jumamosi, wanaitumia kupangia orodha za chanjo. Ufito wa bomba aliupata kwenye ukurasa wa pili wa alama za simu. Alisema ulimchukua dakika moja.

Halafu akatuma sauti. Nimeisikiliza mara nyingi, naandika alivyosema.

"Yaya, nimeangalia ile safisha yako. Umeandika Kavimvi, r ao l, a. Lakini iko mulinzi mumoja, ule muzee wa karibu ya barriere, anaandikaka Kavinvira na n. Daftari yake yote iko na n. Safisha yako inamutupa. Miezi yake yote saba haimo mu jedwali. Tena nakumbuka nilikuambia siku ile nasoma, nikasema yaya, huyu anaandikaka na n. Ulisema mashine inajua."

Nililifungua faili. Ni kweli. Daftari la mzee lilifika baada ya mimi kuiandika safisha.sh, na tangu nilipoiandika sikuwahi tena kuikagua ile orodha ya majina ambayo yaya alinionyesha jioni ya kwanza. Amri yangu iliweka kartye nilizozijua na kutupa mistari mingine yote kama takataka. Kavinvira kwa n ni tahajia ya watu wengi, utaiona hata kwenye vibao. Kusahihisha ni kuongeza alama tatu tu: Kavi[mn]vi[rl]a. Dada alikuwa ameshaongeza. Alituma na jedwali jipya.

Robine ya mzee yule ndiyo iliyokuwa imekauka siku nyingi kuliko zote za upande wa kaskazini. Katika ripoti ya 2012 Kavimvira iko nafasi ya nne, chini ya mstari ambao juu yake ndipo matengenezo yalipoanzia, na robine ile haimo.